Kompyuta "Imethibitisha" Dawa: Je, Mgonjwa Aache Vidonge Vyake?

Bismillaahir-Rahmaanir-Rahiym

SUALA:

Assalaamu 'alaykum warahmatullaahi wabarakaatuh. Sheikh, mama yangu ana ugonjwa wa sukari, huu mwaka wa tisa, na alikuwa akitumia metformin kila siku. Mwezi uliopita ililetwa habari katika kundi letu la familia la WhatsApp kwamba wanasayansi wamethibitisha kwa kompyuta kuwa habbasoda inashika protini ya ugonjwa wa sukari kwa nguvu kuliko metformin. Ilikuja na picha ya rangi na jedwali la namba. Mama ameacha vidonge, anatumia habbasoda tu, anasema dawa ya Mtume sasa imethibitishwa na sayansi. Kaka yangu naye anasema kompyuta kutabiri dawa ni ramli, na ramli ni haramu. Nyumbani tunagombana. Tunaomba utufahamishe.

JIBU:

Wa 'alaykumus-salaam warahmatullaahi wabarakaatuh. AlhamduliLlaah, was-swalaatu was-salaamu 'alaa Rasuulillaah, amma ba'ad.

Binti yangu, kwanza lile lisilongoja. Mama asiendelee kukaa bila dawa. Mpelekeni kliniki yake leo au kesho, apimwe sukari, na daktari aambiwe ukweli kwamba ameacha vidonge na anatumia habbasoda. Sukari inaweza kupanda kimya kimya bila ya mtu kuhisi kitu, na huku inaharibu macho, figo na mishipa ya miguu. Maelezo yanayofuata yasomeni baada ya hilo.

Ama kuhusu ile habari, mama yako amekosea kwa upande mmoja na kaka yako amekosea kwa upande mwengine. Kazi ile ya kompyuta ni elimu ya kweli na ina manufaa makubwa, wala si ramli. Lakini haithibitishi dawa. Ili tufahamu kwa nini, inabidi tujue kinachofanyika ndani ya kompyuta hiyo. Nimeisoma fani hii kiasi, na nimekaa na wenzangu wanaosomesha kemia wakanifafanulia yaliyonitatiza.

Protini na kitundu chake

Mwili wa mwanadamu, na hata kijidudu cha malaria au kirusi cha mafua, unaendeshwa na protini. Hizi si zile tu za kwenye samaki na maharage. Ni vitendea kazi vidogo mno visivyoonekana kwa macho: kimoja hukata wanga kuwa sukari, kimoja hubeba hewa katika damu, kimoja hunakili maandishi ya urithi. Kila protini ni mnyororo mrefu uliojikunja kwa umbo lake maalumu, na mara nyingi katika umbo hilo huwa na kitundu ambamo kazi yake hufanyika.

Dawa nyingi ni molekuli ndogo inayoingia katika kitundu hicho na kukaa humo, ikaizuia protini isifanye kazi au ikaiamsha ifanye zaidi. Mwaka 1894 mwanakemia wa Ujerumani Emil Fischer alilifananisha jambo hili na kufuli na ufunguo. Mwaka 1958 Mmarekani Daniel Koshland akaongeza jambo muhimu, kwamba kufuli lenyewe si chuma kigumu. Protini hujipinda kidogo inapopokea mgeni wake.

Sisi watu wa visiwani tuna mfano mwengine, nao ndio asili ya jina la fani yenyewe. Wataalamu wa Kiingereza wameiita kwa neno la chombo kufunga gati. Jahazi linafika bandarini, nahodha analigeuza ubavu, anatazama kina cha maji, anatafuta pahala ambapo ubao utalala na gati bila kugonga. Kompyuta inafanya vivyo hivyo, isipokuwa jahazi ni molekuli ya dawa na gati ni kitundu cha protini.

Namna kompyuta inavyofunga gati

Kwanza inahitaji ramani ya bandari. Wanasayansi huigandisha protini ikawa fuwele, wakaipiga mionzi ya eksirei, na kutokana na namna mionzi inavyotawanyika wakapata mahali ilipo kila atomu. Mwaka 1971 ilianzishwa hazina ya pamoja ya ramani hizi, ikiwa na ramani 7 tu. Leo zimezidi 200,000, na mtu yeyote duniani anaweza kuzitazama bure.

Pili, programu inaichukua molekuli ya dawa na kuijaribu ndani ya kitundu kwa mikao maelfu kwa maelfu: inaigeuza, inaipindua, inazungusha viungo vyake. Programu ya mwanzo ya aina hii ilitolewa mwaka 1982 na Irwin Kuntz na wenzake huko California. Inayojulikana zaidi leo katika vyuo ni AutoDock Vina, iliyotolewa mwaka 2010. Hutolewa bure, na mwanafunzi mwenye kompyuta ya kawaida anaweza kuitumia akiwa chumbani kwake.

Tatu, kila mkao unapewa alama. Programu hutazama: je, chaji chanya imekaribiana na chaji hasi? Je, sehemu yenye asili ya mafuta imekaa penye mafuta? Je, kuna atomu zinazosukumana kwa kubanana? Hesabu hizo hujumlishwa ikapatikana namba moja, ambayo ni makisio ya nguvu ya kushikana. Zile namba za jedwali mulizoziona katika simu, kwa maelezo mliyonipa, ni hizo.

Kwamba elimu hii ina matunda, tazama dawa ya mafua makali. Kirusi cha mafua kina protini inayokikatia njia ya kutoka katika seli kikaenda kushambulia nyingine. Ramani ya protini hiyo ilichapishwa mwaka 1983 na watafiti wa Australia. Mark von Itzstein na wenzake wakatumia programu ya Peter Goodford wa Uingereza, inayopita ndani ya kitundu nukta kwa nukta na kuuliza: hapa kingefaa kukaa kitu cha aina gani? Ikawaonesha kuwa kuna pembe penye chaji hasi isiyokuwa na mwenza. Wakabadilisha kipande kimoja tu cha molekuli waliyokuwa nayo, wakaweka chenye chaji chanya, na nguvu ya kushika ikaongezeka maelfu ya mara. Wakatangaza mwaka 1993, na dawa hiyo, zanamivir, ikaruhusiwa mwaka 1999.

Lakini zingatia mambo mawili. Kutoka ramani mpaka dawa ilipita miaka 16 ya maabara, wanyama na watu. Na baada ya yote hayo ilionekana kuwa zanamivir ikimezwa, haipiti tumboni kuingia katika damu ila kidogo mno, ndiyo maana mgonjwa huivuta kwa mdomo kama poda. Ufunguo ulikuwa umetoshea kufuli barabara, lakini haukuweza kufika mlangoni kwa njia ya tumbo. Programu iliyopima kitundu haikuulizwa habari za tumbo.

Tulivyoyaona haya kwetu

Wengi wetu tunaikumbuka SP, vidonge vya malaria ambavyo walipewa pia wajawazito. Tanzania Bara iliiweka kuwa dawa ya kwanza mwaka 2001, klorokwini iliposhindwa. Sisi Zanzibar tulichukua dawa mseto mwaka 2003, na Bara nayo ikaja kuiacha SP ikachukua dawa mseto. Kwa nini SP ilidhoofika?

Nusu ya SP, iitwayo pairimethamini, hukaa katika kitundu cha protini ambayo kijidudu cha malaria hakiwezi kuzaliana bila hiyo. Mwaka 2003 watafiti wa Thailand wakiongozwa na Yongyuth Yuthavong walichapisha ramani ya protini hiyo, na sababu ikaonekana kwa macho. Katika mnyororo wa protini, pingili ya 108 ilibadilika ikawa nene kidogo, na sasa inagongana na atomu moja ya klorini katika dawa. Chombo hakilali tena na gati. Pingili moja tu, na dawa iliyokuwa ikiokoa watoto ikapungua nguvu, na kila mabadiliko yalipoongezeka katika pingili nyingine nayo ikazidi kudhoofika.

Watafiti hao waliitumia ramani hiyo kuunda molekuli mpya, P218, inayoweza kujipinda ikaikwepa pingili hiyo. Waliitangaza mwaka 2012, na imekwishajaribiwa kwa watu katika hatua za mwanzo. Basi asiseme mtu kuwa haya ni mchezo wa picha. Kutoshea na kutotoshea kwa molekuli ni jambo lililotugusa sisi na watoto wetu.

Namba ile haisemi nini

Sasa turudi kwenye simu ya mama. Hapa nakuomba usome taratibu.

La kwanza, programu ya kufunga gati haina neno "hapana". Ukiipa molekuli ya habbasoda itatoa alama. Ukiipa ya sabuni itatoa alama, ukiipa ya rangi ya nguo itatoa alama. Kupata alama si habari yoyote.

La pili, alama hizo hukosea sana. Nguvu ya kushika hupimwa kwa kilokalori kwa moli. Kosa la 1.4 tu katika kipimo hicho lina maana ya kukosea nguvu ya kushika mara 10, na programu hizi za haraka ni kawaida kukosea 2 na zaidi. Mwaka 2019 timu ya watafiti ilipitisha molekuli milioni 138 mbele ya protini moja ya ubongo, kisha ikatengeneza 549 kati yake, zenye alama nzuri na zenye alama mbaya, ikazipima katika maabara ili kuujua ukweli. Zilizokuwa na alama nzuri zilishika mara nyingi zaidi kuliko zenye alama mbaya, kwa hiyo hesabu si upuuzi. Lakini hata katika zile zenye alama nzuri kabisa, nyingi hazikushika. Kazi ya kompyuta ilikuwa kupunguza rundo la kutafutia, na jibu likatoka maabara.

La tatu, molekuli kubwa hupata alama nzuri kwa ukubwa wake tu, kwa kuwa ina atomu nyingi za kugusana na kitundu. Na hapa ndipo penye udanganyifu wa ile habari, hata kama aliyeiandika hakukusudia. Metformin ni molekuli ndogo sana. Zaidi ya hayo, haifanyi kazi kwa namna nyepesi ya ufunguo mmoja na kufuli moja. Mpaka leo wanasayansi wanajadiliana juu ya njia hasa inayopitia ndani ya seli. Kwa hiyo kuiweka metformin katika kitundu cha protini fulani na kusema imepata alama ndogo kuliko habbasoda, ni kama kushindanisha ngalawa na meli kwa uzito, kisha ukasema meli inavua samaki zaidi. Manufaa ya metformin hatukuyajua kwa alama ya kompyuta. Tumeyajua kwa wagonjwa waliopimwa damu na kufuatiliwa kwa miaka mingi, tangu daktari Jean Sterne alipoanza kuitumia Ufaransa mwaka 1957. Na anayedhani kuwa vidonge vya hospitali ni vita dhidi ya miti shamba ajue kwamba asili ya metformin yenyewe ni utafiti uliofanywa juu ya mmea uitwao galega.

La nne, kitundu katika kompyuta si mwili wa mama. Kompyuta haikuuliza kama molekuli itapita tumboni, kama ini litaivunja kabla haijafika, kama kiasi kilichomo katika kijiko kimoja kinatosha, wala kama itaingia pia katika vitundu vya protini nyingine ikaleta madhara. Na hata molekuli zilizovuka maabara na wanyama, takriban 9 katika kila 10 zinazoanza kujaribiwa kwa watu huishia njiani.

Tuliyaona haya wakati wa Korona. Mwaka 2020, mara tu ramani ya protini moja kuu ya kirusi kile ilipotolewa, zilichapishwa kazi nyingi za kompyuta zilizoweka molekuli za mimea katika kitundu chake, na za habbasoda zilikuwemo. Alama zilikuwa nzuri na habari zikaenea katika simu. Protini hiyo hiyo ndiyo iliyolengwa na nirmatrelvir, dawa iliyoruhusiwa Marekani mwishoni mwa mwaka 2021. Tofauti yake ni kwamba hii ilitengenezwa, ikapimwa maabara, kisha ikajaribiwa kwa wagonjwa zaidi ya 2,000, baadhi wakipewa dawa na baadhi wakipewa kidonge kitupu, ndipo ikasemwa kuwa inafaa.

Je, akili mnemba imebadilisha hukumu hii?

Imeongeza nguvu ya chombo. Mwaka 2020 programu ya AlphaFold ilionesha kuwa inaweza kukisia umbo la protini kutokana na mpangilio wa pingili zake tu, na kufikia 2022 ilikuwa imetoa maumbo zaidi ya milioni 200. Waliohusika, Demis Hassabis na John Jumper, walipewa Tuzo ya Nobel ya kemia mwaka 2024 pamoja na David Baker. Mwaka huo huo toleo la tatu likaanza kukisia pia namna molekuli ndogo inavyokaa ndani ya protini. Haya ni makubwa. Lakini bado ni makisio, na wenyewe walioyaunda huambatanisha kila umbo na kipimo cha uhakika wake, kuonesha wapi pa kutegemea na wapi pa kutilia shaka. Ikiwa waundaji wanaonesha shaka yao, sisi tunaoletewa picha kwenye simu tunapata wapi yakini?

Si ramli, na si yakini

Kaka yako nimwambie kwa upole: neno "kutabiri" limemchanganya. Ramli ni kudai kujua ghaibu bila ya sababu yoyote inayoshikika, na hiyo ni haramu. Ama huku ni kuhesabu kutokana na sababu alizoziweka Allah (Subhaanahu wa Ta'aalaa) katika viumbe vyake. Mvuvi anapotazama umri wa mwezi akasema kesho ni bamvua, maji yatajaa sana, hakuna anayemwita mpiga ramli. Anajua mwendo wa sababu, na anaweza kukosea, na kesho bahari itamsahihisha. Fani hii ni hivyo hivyo, na kuisoma ni jambo la kheri. Natamani vijana wetu wa skuli waisome, kwa kuwa inahitaji kompyuta na bidii zaidi kuliko inavyohitaji maabara ya mamilioni.

Na mama nimwambie kwa heshima: wanachuoni wa Usuul wametufundisha kutenganisha yakini, dhana, shaka na wahm. Alama ya kompyuta, ikiwa imefanywa vizuri, inafika daraja ya dhana ya kuanzia kutafuta. Haifiki daraja ya kuachia dawa ambayo manufaa yake yamethibiti kwa watu.

Kuhusu habbasoda, hadithi yake ni sahihi, na sisi tunaiamini. Hadithi haikuhitaji kompyuta ili tuiamini, na wala haidhoofiki kompyuta ikitoa alama mbaya. Lakini wanachuoni wa zamani, miongoni mwao Imaam Al-Khattwaabiy, walieleza kuwa tamko lake ni la jumla lililokusudiwa mahususi, yaani maradhi yanayofaa kutibiwa kwa asili ya mbegu hiyo. Hakuna katika hadithi hiyo amri ya kuacha dawa nyingine. Mtume (Swalla Allaahu 'alayhi wa sallam) mwenyewe alipoulizwa na mabedui kuhusu kujitibu aliwaelekeza wajitibu, na akafundisha kwamba anayejifanya tabibu bila ya kujulikana kwa utabibu hubeba dhamana ya madhara anayoyasababisha. Anayesambaza ujumbe wa "acheni vidonge" na aiogope dhamana hiyo.

La kufanya nyumbani

Mama akipenda kuendelea na habbasoda kidogo katika chakula, daktari wake ajue, kwa sababu zipo tafiti ndogo zinazoonesha kuwa huenda inashusha sukari, na ikichanganywa na dawa bila kipimo sukari inaweza kushuka kupita kiasi. Msimfedheheshe mbele ya wajukuu kwa kusema amedanganywa. Mwambieni kwamba alitafuta kheri, na kheri hiyo ina njia yake.

Na siku nyingine likija neno "imethibitishwa", ulizeni mambo matatu kabla ya kulipeleka kwa mtu mwengine. Imejaribiwa wapi: katika kompyuta, katika chupa ya maabara, kwa mnyama, au kwa mtu? Kama ni kwa watu, wangapi, na walilinganishwa na nani? Na kwa kiasi gani cha dawa, kwa muda gani? Ikiwa jibu la suali la kwanza ni "katika kompyuta", basi hiyo ni habari ya kuwafurahisha watafiti. Kidonge cha mama kibaki mahali pake.

Tunamuomba Allah (Subhaanahu wa Ta'aalaa) ampe mama yako shifaa isiyoacha maradhi, awape wagonjwa wetu wote afya, na atujaalie elimu yenye manufaa. Aamiyn.

Wa-Allaahu A'lam.